Jeni Iliyokuwepo Kabla ya Hewa Tunayoivuta

Hotuba kwa walimu wa sayansi, wanafunzi na wakulima wa mwani, Unguja

Mwenyekiti wa kikao, walimu wangu na walimu wenzangu, wanafunzi, na nyinyi mama zangu mlioziacha kamba za mwani mkaja kukaa nasi: assalaam alaykum.

Nimeombwa kueleza jinsi viumbe wasioonekana kwa macho walivyopata jeni za kuinasa hewa ukaa na kuifanya chakula. Niliitikia upesi, kwa sababu nina jambo nataka kulitetea mbele yenu. Kuna kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha tendo la kikemia ndani ya seli, kinaitwa rubisko. Karibu kaboni yote iliyomo katika punje ya mpunga, katika nazi, katika papa na katika mvuvi anayemfuata papa huyo, ilinaswa kwanza na rubisko. Hata hivyo kimeng'enya hiki kimepewa jina baya. Vitabu tunavyofundishia vinasema kwamba ni kizito cha kazi na tena kinakosea. Ni kizito kwa sababu rubisko nyingi hunasa kati ya molekuli moja na kumi za hewa ukaa kwa sekunde, wakati vimeng'enya vingine humaliza mamia au maelfu ndani ya muda huohuo. Kinakosea kwa sababu mara nyingine hushika oksijeni badala ya hewa ukaa, na hapo mmea hulazimika kutumia nguvu kusafisha uchafu uliotokea, huku ukipoteza kaboni uliyokwisha kuinasa. Kosa hilo lilithibitishwa mwaka 1971 na Bowes, Ogren na Hageman, katika Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, walipochunguza maharage ya soya. Tangu wakati huo wengi wamezungumza juu ya rubisko kana kwamba maumbile yalipitiwa na usingizi.

Mimi sikubali. Na ushahidi wangu siutoi kwenye jani. Ninautoa kwa bakteria na arkea, vijidudu vinavyofanana na bakteria kwa udogo lakini vyenye ukoo wao wenyewe, kwa sababu huko ndiko jeni hii ilikozaliwa, ilikobadilika, na ilikohama kutoka kiumbe mmoja kwenda mwingine kwa muda mrefu sana kabla ya mmea wa kwanza kuota juu ya nchi kavu.

Kwanza tuielewe kazi yenyewe. Rubisko hushika sukari ndogo yenye kaboni tano, huiungia kaboni ya sita iliyotoka kwenye hewa ukaa, na kinachopatikana hukatika papo hapo kuwa vipande viwili vya kaboni tatu tatu. Kwa vipande hivyo seli hujenga sukari, wanga, mafuta, mbao, na kila kilichobaki. Ugumu uko kwenye kuunga. Rubisko haina tundu la kuikamata hewa ukaa na kuiweka mahali pake. Inachoweza ni kuishika ile sukari na kuiandaa mpaka iwe tayari kuvamiwa na gesi. Wavuvi mtanielewa haraka nikisema ni dema lenye chambo: dema haliwaiti samaki kwa majina, linavuta kwa chambo, na umbo la mlango wake hupunguza tu wale wasiotakiwa. Hewa ukaa na oksijeni ni gesi ndogo zote mbili, hazina chaji, hazina kishikio chochote kikubwa ambacho protini ingekigusa ili ijue hii ni ipi na ile ni ipi.

Sasa tazameni mazingira ya kazi. Hewa tunayovuta ina oksijeni asilimia 21, na hewa ukaa asilimia 0.04 hivi. Hewa ukaa huyeyuka vizuri zaidi majini, na rubisko hufanya kazi majini ndani ya seli, lakini hata huko oksijeni iliyoyeyuka inaizidi hewa ukaa kwa zaidi ya mara ishirini. Pamoja na wingi huo wote, rubisko ya jani la mpunga hukosea takriban mara moja tu katika kila nne. Mwalimu wa hesabu aliyepo hapa ataona mara moja kwamba hicho si kimeng'enya kisichojali. Kinachagua kwa ukali mkubwa sana.

Na ukali huo una gharama. Mwaka 2006 Tcherkez, Farquhar na Andrews walitoa hoja kwamba uzito wa kazi unatokana na uchaguzi wenyewe: ili itofautishe gesi hizi mbili, rubisko lazima ikishike kwa nguvu kile kinachotengenezwa katikati ya tendo, na kinachoshikwa kwa nguvu hakiachiwi upesi. Utafiti uliotoka mwaka 2019, uliokusanya vipimo vya rubisko zipatazo 300, umeonyesha kwamba uhusiano kati ya kasi na uchaguzi si mkali kama ulivyofikiriwa mwanzoni. Mimi naona hoja ya 2006 bado ina mashiko, ila isichukuliwe kama sheria isiyovunjika. Bakteria wana njia za kuikwepa, na nitazifikia.

Tembeeni nami sasa kutoka kwenye mnazi hadi mwambani, maji yakiwa yametoka. Wanasayansi wamezipanga rubisko katika makundi manne makubwa, na karibu kila kundi linaweza kuelezwa kwa viumbe wa pwani yetu.

Mnazi una rubisko ya Kundi la Kwanza, iliyojengwa kwa vipande vikubwa vinane na vidogo vinane. Nyasi za bahari unazozikanyaga ukishuka zina aina hiyohiyo, kwa sababu ni mimea yenye maua iliyorudi baharini. Ukifika kwenye kamba za mwani unakuta Kundi la Kwanza tena, lakini tawi jingine kabisa, linaloitwa tawi jekundu. Ukifika kwenye tumbawe, ndani ya nyama yake wamo vijimea wadogo, Symbiodinium na jamaa zake, wanaolilisha tumbawe kwa nguvu za jua. Hao wana rubisko ya Kundi la Pili, ambayo ni rahisi zaidi kwa muundo na dhaifu zaidi mbele ya oksijeni. Toka nje kwenye maji ya buluu, unamkuta Prochlorococcus, bakteria mdogo kuliko wote tunaowajua wanaofanya usanisinuru, aliyetangazwa mwaka 1988. Rubisko yake ni ya Kundi la Kwanza, ila hakurithi kwa wazazi wake, nami nitalieleza hilo punde. Rudi nyuma hadi kwenye tope la mikoko, lile jeusi linalonuka. Katika tope la aina hiyo, kote duniani, huishi arkea wanaotoa metani, na jamii ya Methanosarcina wana rubisko ya Kundi la Tatu. Panda hadi kwenye udongo wa shamba la muhogo, huko kuna bakteria Bacillus subtilis, mwenye protini ya Kundi la Nne. Hii ya mwisho hainasi hewa ukaa hata kidogo.

Hapo ndipo nataka tukae kidogo, maana ndipo penye kiini cha ninachowaambia.

Mwaka 1996 zilitangazwa jeni zote za Methanocaldococcus jannaschii, arkea wa kwanza kusomwa hivyo. Alipatikana kwenye matundu ya maji ya moto chini ya Bahari ya Pasifiki, mahali pasipo na mwanga wala oksijeni. Katika orodha ya jeni zake ilikuwemo jeni ya rubisko. Kiumbe asiyejua jua ana jeni ya kimeng'enya tulichokuwa tukikifundisha chini ya kichwa cha habari cha usanisinuru! Ya nini?

Jibu lilikuja kwa mafungu. Mwaka 2003 watafiti wa Japani walionyesha kwamba protini ya Kundi la Nne katika Bacillus subtilis hutumika kuokoa salfa: bakteria anapotumia methionini, mojawapo ya asidi amino ambazo ni matofali ya protini, hubaki na mabaki yenye salfa, na protini hii ni hatua mojawapo katika kuyarudisha mabaki hayo kuwa methionini tena. Kisha wakafanya jaribio ninalolipenda kuliko mengi. Walichukua bakteria aliyeharibiwa jeni hiyo, asiyeweza tena kukua vizuri kwa mabaki yale, wakampa jeni ya rubisko halisi kutoka kwa Rhodospirillum rubrum, bakteria anayefanya usanisinuru. Akakua. Rubisko inayonasa kaboni bado inakumbuka kazi ya ndugu yake. Mwaka 2007 Wajapani wengine walieleza rubisko ya Kundi la Tatu katika Thermococcus kodakarensis, arkea wa maji ya moto. Pale inatumika kuvunjavunja vipande vya asidi za nyuklia vilivyochakaa ili seli ipate kitu cha kutumia. Hewa ukaa inaingizwa, ndiyo, lakini kama hatua ya kusafisha na kuokoa, na kiumbe haishi kwa hiyo.

Ukizipanga jeni hizi katika mti wa ukoo, ambapo zinazofanana sana zinakaa karibu na zilizoachana zamani zinakaa mbali, wengi wetu tunafikia hitimisho lilelile: babu wa rubisko alikuwa kimeng'enya cha kuokoa mabaki katika vijidudu vya dunia isiyokuwa na oksijeni. Marehemu Robert Tabita wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio aliitetea kwa miaka mingi hoja kwamba chanzo ni kwa arkea. Kuna wanaobishana naye juu ya tawi lipi hasa, lakini kwamba jeni iliitangulia kazi tunayoijua, hilo ushahidi wake ni mzito. Ili kuifanya kazi ya kuishi kwa hewa ukaa, kulihitajika kimeng'enya cha pili, fosforibulokinasi, kinachoitengeneza upya ile sukari ya kaboni tano kila inapokwisha. Vilipokutana viwili hivi ndani ya seli moja, mzunguko ukafunga, na bakteria akaweza kujijenga kutokana na hewa. Mzunguko huo ndio waliouchora Calvin, Benson na Bassham pale Berkeley katika miaka ya 1940 na 1950 kwa kufuatilia kaboni yenye mnururisho.

Basi fikirini upya ile lawama. Oksijeni ilianza kujaa hewani yapata miaka bilioni 2.4 iliyopita, na walioileta ni sianobakteria, yaani bakteria wanaofanya usanisinuru kama mimea, ambao walijijenga kwa kaboni iliyonaswa na rubisko. Kimeng'enya kilichoanza kazi pasipo na oksijeni kilijikuta kikizungukwa na gesi ambayo chenyewe kilisaidia kuizalisha. Mkilijua hilo, kosa la kushika oksijeni halishangazi tena. La kushangaza ni jinsi lilivyopunguzwa.

Lilipunguzwaje? Hapa yako mambo mapya, na bakteria ndio walioyafichua. Kundi la Kwanza, kama nilivyosema, lina kipande kidogo. Makundi mengine hayana. Kipande hicho kidogo hakigusi kabisa mahali ambapo kaboni inanaswa, lakini ukikiondoa, rubisko ya Kundi la Kwanza inasambaratika. Kwa muda mrefu hatukuweza kujua kilileta faida gani, kwa kuwa huwezi kupima faida ya kitu ambacho bila hicho hakuna cha kupimwa.

Mwaka 2020 kundi la Patrick Shih, huko California, lilitangaza rubisko iliyotokana na bakteria wa jamii ya Chloroflexi aitwaye Promineofilum breve. Ina vipande vikubwa vinane vilivyopangwa kama vya Kundi la Kwanza, na haina kipande kidogo hata kimoja. Inasimama yenyewe. Ni jamaa aliyeachana na ukoo kabla kipande kidogo hakijaja. Miaka miwili baadaye, mwaka 2022, watafiti wa Taasisi ya Max Planck huko Marburg, Ujerumani, chini ya Georg Hochberg na Tobias Erb, walikwenda mbali zaidi. Walichukua mfuatano wa rubisko nyingi zinazoishi leo, wakakokotoa kwa takwimu jinsi mababu zao walivyoelekea kuwa, wakatengeneza jeni hizo za kale kwa vinasaba vilivyoundwa maabara, wakazitia ndani ya bakteria Escherichia coli, wakapata protini ambazo hazijakuwepo duniani kwa miaka bilioni kadhaa. Kisha wakazipima.

Walichokikuta ni hiki. Babu wa kale aliweza kusimama bila kipande kidogo. Kipande kilipoongezwa, rubisko ikawa hodari zaidi wa kunasa na mkali zaidi wa kuchagua. Mabadiliko machache tu ya asidi amino yalifuata, na kuanzia hapo kipande kikubwa hakikuweza tena kuishi bila mwenzake. Na tukio hilo, kwa kadiri ya mti wao wa ukoo, lilitokea kabla oksijeni haijajaa hewani. Mwanafunzi asidhani kwamba jeni iliona mbele. Hakuna jeni inayoona mbele. Kipande kilishika kwa sababu kilisaidia kazi ya siku ile, na dunia ilipobadilika, waliokuwa nacho ndio walioweza kuvumilia.

Mama zangu, sasa nakuja kwenu na mwani wenu.

Tangu kilimo cha mwani cha kibiashara kianze Unguja mwaka 1989, na mbegu zikiletwa kutoka Ufilipino, mmekuwa mkiishika mikononi rubisko yenye ukoo wa ajabu. Kotoni na spinosamu, hata zile zenye rangi ya kijani au kahawia, zote ni mwani mwekundu kwa ukoo. Mwani huo, kama mnazi, una kloroplasti, na kloroplasti ilitokana na sianobakteria aliyemezwa na seli nyingine zamani sana, zaidi ya miaka bilioni moja iliyopita. Ungetegemea basi rubisko ya mwani iwe ndugu wa rubisko ya sianobakteria, kama ilivyo ya mnazi. Sivyo. Jeni ya rubisko katika mwani mwekundu iko karibu zaidi na ya proteobakteria, kundi lingine kabisa. Mahali fulani katika historia, jeni iliyorithiwa kwa sianobakteria iliachwa, ikachukuliwa nyingine kutoka kwa bakteria jirani. Delwiche na Palmer waliandika mwaka 1996 wakikusanya mifano mingi ya jeni za rubisko zilizohama namna hii, na tangu hapo imeongezeka.

Kuna jambo dogo ambalo kila nikilieleza darasani nafurahi. Katika bakteria, jeni ya kipande kikubwa na jeni ya kipande kidogo hukaa bega kwa bega na kusomwa pamoja. Katika mwani mwekundu bado ziko hivyohivyo, zote mbili ndani ya kloroplasti. Katika mnazi, mpunga na mahindi, jeni ya kipande kikubwa ilibaki kwenye kloroplasti lakini ya kipande kidogo ilihamia kwenye kiini cha seli, kwa hiyo kipande kidogo hutengenezwa nje, kikasafirishwa na kuingizwa ndani ndipo kikutane na mwenzake. Mwani wenu umeuhifadhi mpangilio wa bakteria. Tena baadhi ya mwani mwekundu, hasa ule wa chemchemi za moto wa jamii ya Galdieria, una rubisko inayochagua kwa ukali kuliko nyingine zote zilizowahi kupimwa, ikiwapita mpunga na ngano kwa mbali.

Uhamaji huu haukuishia kwenye mwani mwekundu. Mwani wa kahawia na diatomu walimeza jamaa wa mwani mwekundu na kuichukua rubisko yake. Wale vijimea wa matumbawe waliitupa ya Kundi la Kwanza, wakashika ya Kundi la Pili kutoka kwa bakteria, na wakaiweka kwenye kiini, jambo lililotangazwa katikati ya miaka ya 1990 na kuwashangaza wengi. Prochlorococcus naye, niliyesema nitamrudia, ni sianobakteria mwenye jeni iliyotoka kwa proteobakteria. Ndiyo maana huwezi kuchukua mti wa ukoo wa rubisko ukasema huu ndio ukoo wa viumbe. Jeni ina safari yake.

Wapo wanaouliza: kama rubisko ina taabu zote hizo, kwa nini maumbile hayakutafuta njia nyingine? Yalitafuta. Tunajua sasa njia zisizopungua sita za asili za kunasa kaboni, na rubisko imo katika moja tu. Nyingine tano ziko kwa bakteria na arkea, na baadhi yake ni nafuu zaidi kwa nguvu inayotumika.

Mfano mzuri uko Kongo. Kaskazini-magharibi mwa Ziwa Kivu, kuna Ghuba ya Kabuno. Chini ya mita kama kumi hakuna oksijeni, na maji yamejaa madini ya chuma yaliyoyeyuka, kama inavyodhaniwa zilikuwa bahari za kale kabla ya oksijeni. Mwaka 2015 ulichapishwa utafiti ulioonyesha kwamba humo wamo bakteria wa jamii ya Chlorobium wanaotumia mwanga hafifu na chuma kujipatia nguvu, na mmoja wao amepewa jina Chlorobium phaeoferrooxidans. Jamii hii hainasi kaboni kwa rubisko. Inauendesha kinyumenyume ule mzunguko wa Krebs tunaoufundisha kidato cha tano, njia iliyogunduliwa mwaka 1966 na Evans, Buchanan na Arnon. Ni njia nafuu kuliko ya rubisko. Lakini vimeng'enya vyake vikuu huharibika vikikutana na oksijeni, na hivyo bakteria hawa wamefungiwa chini, mahali oksijeni isipofika. Ndugu yao Chlorobaculum tepidum anayo hata protini ya Kundi la Nne, na haimsaidii kunasa kaboni.

Hili ndilo naliona kubwa kuliko yote katika utetezi wangu. Oksijeni ilipokuja, iliwasukuma wengi wa washindani kwenye matope na vilindi. Rubisko oksijeni iliisumbua, haikuivunja. Ilibaki juu, kwenye jua, ikikosea mara moja moja na kuendelea na kazi, na juu yake kukajengwa misitu na mashamba na bahari zenye samaki.

Na bakteria hawakukaa kuusubiri uboreshaji wa kimeng'enya peke yake. Sianobakteria na baadhi ya bakteria wa salfa waliijengea rubisko chumba. Kinaitwa kaboksisomu, ganda la protini lenye upana wa nanomita mia moja au zaidi, na rubisko imejazwa ndani. Mwaka 1973 Shively na wenzake waliyatenga maganda hayo kutoka kwa bakteria wa salfa, wakayakuta yamejaa kimeng'enya hiki. Seli hukusanya hewa ukaa ndani ya chumba mpaka inakuwa nyingi kiasi kwamba oksijeni haipati nafasi. Rubisko iliyomo humo haihitaji kuchagua kwa ukali, kwa hiyo inaweza kukimbia. Mahindi na miwa wana wazo hilohilo kwa ufundi tofauti, waliouelezea Hatch na Slack huko Australia miaka ya 1960, lakini bakteria walitangulia mno.

Matokeo yake yanaonekana kwenye hesabu ya dunia nzima. Mwaka 2019 Bar-On na Milo wa Taasisi ya Weizmann, Israeli, walikadiria kwamba duniani kuna tani milioni 700 hivi za rubisko, na sehemu kubwa sana iko kwenye majani ya nchi kavu. Ila bahari inanasa karibu nusu ya kaboni yote inayonaswa kwa mwaka. Waligawanya, wakapata kwamba kwa wastani wa mwaka mzima rubisko ya nchi kavu hunasa molekuli 0.03 kwa sekunde, na ya baharini 0.6. Mara ishirini. Kwa kiasi kikubwa hiyo ni kazi ya vijidudu ambavyo ndoo moja ya maji ya Nungwi ina mamilioni yake.

Tukitaka kuisaidia mimea ya chakula, nadhani ni sahihi kuwaangalia hawa. Mwaka 2014 watafiti wa Rothamsted, Uingereza, na Cornell, Marekani, waliiondoa rubisko ya tumbaku wakaweka ya sianobakteria, iliyo na kasi zaidi. Tumbaku ikaota na kunasa kaboni, lakini ilihitaji kukuzwa kwenye hewa iliyoongezwa hewa ukaa kwa wingi, maana ilipewa kimeng'enya bila kupewa chumba chake. Mwaka 2020 kundi la Milo lilipima rubisko 143 za Kundi la Pili na jamaa zake, nyingi zikiwa za bakteria ambao hawajawahi kukuzwa maabara na wanajulikana kwa vinasaba vyao tu. Iliyo na kasi kuliko zote ilitoka kwa bakteria wa jamii ya Gallionella, wanaoishi kwa kuoksidisha chuma, nayo ilinasa takriban molekuli 22 kwa sekunde. Kasi hiyo iliyotafutwa kwa miaka kwenye mazao ilikuwa imekaa kwenye maji yenye kutu. Kuipandikiza kwenye mpunga si jambo la kesho, kwa sababu haivumilii oksijeni, lakini sasa tunajua kwamba inawezekana kuwepo.

Mwalimu mmoja aliniuliza kabla hatujaingia kama mwanafunzi wa hapa anaweza kuyaona haya mwenyewe bila maabara. Anaweza. Hazina ya mifuatano ya jeni iitwayo GenBank iko wazi kwa yeyote mwenye intaneti, bila malipo. Tafuteni protini ya rbcL, yaani kipande kikubwa cha rubisko, ya Cocos nucifera, ambaye ni mnazi, na ya Kappaphycus alvarezii, ambaye ni kotoni. Kisha tafuteni cbbL ya Rhodobacter sphaeroides, bakteria wa zambarau, maana kwa bakteria jeni hii huandikwa hivyo. Zipangeni tatu hizo mstari chini ya mstari na mhesabu asidi amino zilizofanana. Mtakuta mwani uko karibu na bakteria yule kuliko ulivyo karibu na mnazi. Yule atakayemaliza na aongeze ya Prochlorococcus, aone inaangukia wapi. Mwenyekiti, niko tayari kwa maswali.